Filamu Isiyojitambulisha: Sinema katika Historia ya Voi na Taita Taveta

Mtazamaji wa siku hizi huijua filamu kabla hajaiona. Ameshaona kionjo chake kwenye simu, ameshaambiwa kama ni ya mapenzi, ya vita, ya kutisha au ya kuchekesha, na mara nyingi ameshajua hata mahali pa kulia. Ndiyo maana filamu moja inapoanza kwa vichekesho, ikageuka msiba katikati, kisha ikaishia kwenye mambo ya mizimu, watu hutoka ukumbini wakisema wameona jambo ambalo halijapata kutokea. Makala haya yanadai kinyume chake. Katika ukanda wa Voi na Taita Taveta, kukaa mbele ya picha bila kujua kinachokuja, na kupokea somo, ngano, kicheko na kilio kwa usiku mmoja, ndio uliokuwa mwanzo wa sinema. Desturi ya kuzitenga filamu kwa aina na kuzibandika majina ya aina hizo ndiyo iliyofika baadaye, ikitoka kwa wauzaji waliotaka kujua nani atanunua tiketi ipi. Anayestaajabia filamu mseto leo anarudia utazamaji ulioanza hapa zamani. Na utazamaji ule, pamoja na kasoro zake, uliwadai watu jambo ambalo sasa tuko karibu kulisahau, yaani kuipima picha kwa akili zao wenyewe.

Ili kuelewa kwa nini mambo yalikuwa hivyo, ni lazima kuanza na ardhi na njia. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi ikielekea bara. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walijenga tawi kutoka Voi kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, ili kupeleka askari na shehena dhidi ya Wajerumani walioiteka Taveta mwezi Agosti 1914. Vita vilipokwisha, njia hiyohiyo ikawa mshipa wa mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta, ambako vibarua wa makabila mengi waliishi kambini. Juu milimani, Dabida, Sagalla na Kasigau, watu waliendelea kulima na kufuga. Huku chini, mwaka 1948, serikali ilitenga nyika pana kuwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, ambayo leo pande zake mbili, Mashariki na Magharibi, zinachukua zaidi ya nusu ya kaunti nzima ya Taita Taveta. Majumba ya sinema yaliyovuma yalikuwa kwenye miji miwili mikubwa ya reli, Mombasa na Nairobi. Kwa watu wengi wa katikati, sinema ilikuwa mgeni wa njiani, aliyefika kwa gari, akalala kiwanjani usiku mmoja na kuondoka. Mgeni wa namna hiyo hatangulizi barua ya kujieleza.

Chanzo kimoja cha sinema hiyo ya njiani kinatoka kwenye mkonge wenyewe. Mwaka 1926 Mwingereza L. A. Notcutt alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na alipata wazo kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwatuliza vibarua waridhike na kazi. Wazo hilo lilikua. Mwaka 1935 yeye na G. C. Latham walianzisha Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamishonari na kugharimiwa na shirika la Carnegie la New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka kusini mwa Taita. Hadi mwaka 1937 lilikuwa limetengeneza filamu zipatazo 35, ambazo chache tu zimesalia. Waigizaji walikuwa wenyeji, na maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri ili picha moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Lori lenye mashine ya picha lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika orodha ya filamu hizo kulikuwa na safura, akiba ya posta, kilimo cha chai, mambo ya uchifu, na pia ngano ya sungura na chui. Aliyetoka nyumbani kwenda kuona alichoita sinema aliweza kukutana na minyoo, fedha na wanyama wanaosema, bila yeyote kumwonyesha mpaka kati ya kimoja na kingine.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, London ilianzisha Idara ya Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Magari ya sinema yakawa chombo cha serikali, na yaliendelea kuzunguka hata baada ya idara hiyo kufungwa mwaka 1955. Onyesho la kawaida lilishonwa kwa vipande vifupi vifupi: habari za vita, mfalme na majeshi yake, namna ya kuchimba choo au kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha Charlie Chaplin akianguka na kuinuka. Kando ya kitambaa cheupe cha picha alisimama msemaji na kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya wenyeji yaliyotokea, na mara nyingine akiongeza yake. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, hivyo filamu zifanywe polepole na kwa mpango rahisi. Kisa kilichorudiwa sana kuthibitisha nadharia hiyo kilisema kwamba watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa walijibu kuwa kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile. Watafiti wa historia ya sinema wamekionyesha kisa hicho kuwa kama ngano ya maofisa wenyewe. Hawa waliodaiwa kutoweza kufuata picha ndio haohao waliomcheka Chaplin, ambaye mzaha wake wote unategemea jicho jepesi. Usiku mmoja uliwataka wahame kutoka vita hadi choo hadi kichekesho, wakahama bila taabu.

Hapa linazuka pingamizi zito, na halistahili kupuuzwa. Mtu anaweza kusema kwamba huo haukuwa utazamaji huru hata kidogo. Watu hawakujua kinachokuja kwa sababu walinyimwa haki ya kuchagua. Orodha ilipangwa na mtawala au mwenye shamba, na mchanganyiko wenyewe ulikuwa mtego, Chaplin akiwa asali ya kumezea dawa ya propaganda. Pingamizi hili ni la kweli kuhusu nia ya waliotengeneza, na hakuna sababu ya kuusifu ukoloni kwa kutuletea mseto. Lakini nia ya mwenye mashine ni kitu kimoja, na kinachotokea ndani ya kichwa cha mtazamaji ni kitu kingine. Notcutt alitaka vibarua watulivu. Historia ya eneo hili haionyeshi watu waliotulizwa. Chama cha Taita Hills Association, kilichopinga sera za serikali kuhusu ardhi na mifugo, kilikuwa na nguvu ya kutosha kwa serikali kukipiga marufuku mwaka 1940, pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli waligoma, na mgomo ukaenea Mombasa nzima. Watu wanaojua kuichambua serikali mchana hawaipotezi akili hiyo jua likizama. Picha iliyosema serikali inajali udongo wao ilifika kwa watu waliokuwa na maoni yao tayari kuhusu nani anauchukua udongo huo. Mseto uliokusudiwa kuwalainisha uliwapa pia kazi ya kuchambua, kipande kwa kipande, kipi ni mafunzo ya kufaa, kipi ni mzaha, na kipi ni kujisifu kwa mwenye nguvu.

Baada ya uhuru magari hayakukoma. Yale ya Wizara ya Habari yaliendelea, na yale ya kampuni za bidhaa yakaongezeka, yakionyesha filamu bure viwanjani na kuikatiza kwa matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia. Wakati huohuo Mombasa, umbali wa kilomita zipatazo 150 kutoka Voi, ilikuwa imeshakuwa mji wa filamu za Kihindi, na athari zake zilipanda bara pamoja na redio na reli. Mwimbaji Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya sifa yake kwa kuzitia tuni za filamu hizo maneno ya Kiswahili, hata mtu ambaye hakuwahi kuingia ukumbini akawa anaijua sinema kwa sikio. Filamu ya Kihindi ya zama hizo haikuwa na haya ya kuchanganya. Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka Agosti 1975, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kwa zaidi ya saa tatu ina majambazi wanaoshambulia garimoshi kama katika filamu za Kimarekani za ng'ombe na farasi, ina mlinzi wa jela wa kuchekesha, nyimbo, posa, mjane aliyenyamaza, na mauaji ya familia nzima. Muundo huo si mgeni kwa mtu aliyelelewa kwa ngano. Msimulizi wa ngano, kwa Kiswahili au kwa Kidawida, lugha ya Wataita, humchekesha msikilizaji, akamtisha kwa zimwi, akamwimbisha kiitikio, akamfisha mzazi wa mhusika, kisha akatoa funzo, na hakuna anayemuuliza kama hadithi yake ni ya kuchekesha au ya kutisha. Filamu mseto ilipofika ilikuta masikio yaliyokwishaandaliwa.

Mpinzani wa pili atasema kwamba mtazamaji huyo hakuwa bila matarajio. Alijua stelingi hafi, adui atapigwa mwishoni, na wapenzi wataimba mvuani. Kama kanuni ilikuwa thabiti kiasi hicho, mshangao unatoka wapi? Hoja hii inatulazimisha kusema kwa usahihi zaidi nini maana ya kutazama bila matarajio. Hakuna binadamu anayekaa mbele ya hadithi akiwa mtupu. Tofauti iko kati ya matarajio anayoyaleta mtu kutoka katika hadithi alizozisikia, na matarajio anayouziwa pamoja na tiketi. Yale ya kwanza ni mali yake, naye huyaweka mezani yajaribiwe. Katika Sholay, mmoja wa mastelingi wawili, Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa. Kifo hicho kiliuma kwa sababu kilivunja kanuni ambayo watazamaji walikuwa wameijenga wenyewe kwa miaka, na hakuna tangazo lililowatayarisha. Aliyesoma muhtasari mapema huipata taarifa ya kifo hicho, lakini jeraha lake hulikosa. Kanuni na mshangao kwa hiyo vinahitajiana, maana asiyetarajia lolote hawezi kushangazwa na chochote.

Kisha kikaja kibanda cha video. Kuanzia miaka ya 1980 na hasa 1990, televisheni moja, mashine ya kanda na mabenchi vilitosha kufungua ukumbi sokoni au kando ya stendi ya matatu, na miji midogo ya Kenya ikapata sinema ya kila siku kwa bei ya senti. Ndani ya vibanda hivi yule msemaji wa gari la serikali alipata mrithi, ingawa hakuna aliyemtawaza. DJ Afro, aliyeanza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1990, alizisimulia filamu za Hollywood, Hong Kong na Bombay kwa Kiswahili na Sheng, akiwapa wahusika majina mapya, akiwatania, akiwaonya, akichomeka mambo ya mtaani. Mikononi mwake filamu ya kulipiza kisasi hugeuka nusu kichekesho, na ya mapenzi hupata mafumbo ya siasa. Uganda wafasiri wa namna hiyo huitwa maveejei, na huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana aliuingiza ufundi huo ndani ya kazi yake: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ni filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, ambayo sauti ya VJ Emmie inayocheka na kushangilia juu ya picha imekuwa sehemu yake isiyotengeka. Wakosoaji wa mbali waliipokea kama uzushi mpya wa aina ya filamu. Kwa mtu aliyekulia kwenye kibanda cha njia kuu ya Mombasa na Nairobi, ilikuwa sinema ya kawaida iliyokubali hatimaye kuonekana ilivyo.

Taita Taveta inatoa ushahidi mwingine ambao sehemu chache duniani zinao, kwa sababu hadithi zake zimefanywa filamu na watu wa mbali zaidi ya mara moja. Mwaka 1898, wakati daraja la reli likijengwa kwenye mto Tsavo kaskazini-magharibi mwa Voi, simba wawili waliwaua wafanyakazi kwa miezi kadhaa. Mhandisi J. H. Patterson aliwapiga risasi, akaandika kitabu mwaka 1907, na mwaka 1924 akaziuza ngozi zao kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako wangali wanaonyeshwa. Patterson mwenyewe alifikia kudai watu 135 waliliwa. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria takriban 35. Kisa hicho kilizaa Bwana Devil ya Arch Oboler mwaka 1952, iliyopigwa zaidi California na kuwashangaza Wamarekani kwa miwani ya kuonea picha zenye kina, na The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyopigwa Afrika Kusini, ambayo simba wake wana manyoya mengi shingoni, tofauti na wale wa Chicago ambao hawana. Kwa mtazamaji wa Los Angeles hizi ni filamu za kutisha zenye mandhari ya safari. Kwa mkazi wa Voi ni historia ya reli inayopita mjini kwake, ni suala la haki kwa vibarua wa Kihindi na Kiafrika ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa, na ni swali la kwa nini simba wale wako Chicago. Aina ya filamu basi haimo ndani ya mkanda peke yake. Mahali alipokaa mtazamaji panachangia kuiamua.

The Elephant Queen ya Mark Deeble na Victoria Stone, iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2018, inalithibitisha hilo zaidi. Ilipigwa Tsavo kwa miaka kadhaa, na inamfuata ndovu jike aitwaye Athena akiiongoza familia yake wakati wa ukame, huku mbawakawa wa kinyesi, vyura na vifaranga vya bata wakiingia na kutoka kama wachekeshaji wa ngano. Wauzaji huiweka kwenye rafu ya filamu za wanyamapori. Lakini katika kata ya Sagalla, ambako shirika la Save the Elephants limewasaidia wakulima kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki ili ndovu wasile mahindi, ndovu si mandhari. Ni jirani mwenye nguvu anayeweza kumaliza mavuno ya msimu kwa usiku mmoja. Mkulima anayeitazama picha hiyo anaona ndani yake msiba, tishio, na huruma ambayo pengine hakuitaka. Akiambiwa mapema kwamba hii ni filamu ya kuwapenda wanyama, atajifunga. Akiachwa aikute mwenyewe, anaweza kuguswa na kukasirika kwa pamoja, na hisia hizo mbili zikikaa pamoja ndani ya mtu mmoja ndipo mazungumzo ya maana kuhusu hifadhi na mashamba yanapoweza kuanza.

Limebaki pingamizi la tatu, linalotoka mfukoni na nyumbani. Mtu wa kipato kidogo hana anasa ya kubahatisha. Ikiwa nauli na tiketi vinakula ujira wa siku, ana haki ya kujua ananunua nini, na mzazi ana haki ya kujua mtoto ataonyeshwa nini. Nakubali sehemu zote mbili. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya huzipanga filamu kwa umri wa mtazamaji, na huo ni ulinzi wa haki ambao hauharibu hadithi, kwa kuwa kusema filamu ni ya waliotimiza miaka 16 hakuelezi itachekesha au itahuzunisha. Kinachopingwa hapa ni mazoea mengine: kuielezea filamu yote kabla haijaonwa, na sasa, kwenye simu, kupangiwa filamu zinazofanana na ya jana na ya juzi hadi mtu asikutane tena na asichokitafuta. Kuhusu fedha, historia yenyewe inajibu. Sinema ya mshangao katika eneo hili haikuwahi kuwa ya matajiri. Ilikuwa ya bure kiwanjani au ya senti kibandani, na kwa kuwa hasara ilikuwa ndogo, watu walithubutu. Jambo lililowapa wengi uthubutu huo lilikuwa bei, na bei inaweza kushushwa tena.

Wasanii wa Kenya wameanza kulirudia somo hili kwa makusudi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018 na kuteuliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar, inamhusu Jo, msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anayependa filamu za mashujaa na kung-fu, na kijiji kinachoungana kumfanya aamini kwamba yeye mwenyewe ni shujaa. Kibanda cha sinema na msimuliaji wake wako katikati ya kijiji hicho. Filamu hiyo ni kichekesho, ni msiba, ni ya watoto na ya wakubwa, ni ya shujaa arukaye angani na ya mama asiyejua la kufanya, na hakuna sehemu yake moja inayoomba radhi kwa nyingine. Ukiisoma kwa macho ya historia tuliyoipitia, unaona chimbuko lake: ngano, gari la sinema, filamu ya Kihindi, na DJ.

Kaunti ya Taita Taveta ina kumbi za kijamii, viwanja vya shule, na vijana wenye vifaa vya kuonyeshea picha ambavyo Notcutt na lori lake wasingeviota. Inaweza kurejesha onyesho la usiku la bei nafuu, Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, filamu ikiletwa kwa umri unaofaa na bila maelezo mengine, kisha watu wakabaki kuijadili. Safari hii orodha isipangwe na mtawala wala mwenye shamba, ipangwe na wenyeji wenyewe kwa zamu, ili kutojua kwa leo kuwe zawadi ya jirani kwa jirani. Demokrasia inahitaji raia anayeweza kukutana na jambo lisilo na jina, akalitazama hadi mwisho, akaamua mwenyewe ni la kuchekwa, la kuliliwa au la kupingwa. Watu wa eneo hili waliufanyia mazoezi uwezo huo mbele ya kitambaa cheupe chini ya utawala ambao haukuwataka wawe nao. Watoto wao, walio huru kuchagua, hawana udhuru wa kuuacha ufe.